Baisikeli ya Barabarani Nairobi na Mashambani Kwake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu walionunua baisikeli juzi, na wengine waliohamia Nairobi kutoka Pwani au Magharibi, na hata wale waliozaliwa hapa ila hawajawahi kupita Ruaka bila matatu. Njia zilizotajwa ni za lami, isipokuwa nikisema vingine.

Niondoke nyumbani saa ngapi?

Hili ndilo swali la kwanza, kabla ya njia na kabla ya baisikeli. Watu wengi huchagua njia nzuri kisha wanaiendea saa mbaya, wanarudi wakiapa kwamba Nairobi haiendeki. Barabara ya Limuru saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumapili ni barabara tulivu ya mashambani. Barabara hiyo hiyo saa nne, magari ya ibada na ya wanaokwenda nyama choma yakiwa yametoka, haina nafasi ya mtu wa magurudumu mawili.

Jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, tofauti haizidi nusu saa hivi, kwa sababu tuko karibu sana na Ikweta. Kwa hiyo ratiba yako haibadiliki na miezi. Toka mara tu mwanga unapokuwezesha kuona mashimo, uwe umeuacha mji nyuma kabla ya saa moja na nusu, na uwe umerudi kabla ya saa tano. Jumapili ndiyo siku bora. Jumamosi ni siku ya soko na ya mazishi mahali pengi, na msafara wa magari ya mazishi huwa na haraka zake.

Siku za kazi unaweza kutoka mjini asubuhi bila shida, maana foleni inaelekea mjini nawe unaelekea nje. Shida ni kurudi. Jioni sikushauri kabisa: giza huingia upesi kabla ya saa moja, na saa hiyo ndiyo kila dereva anataka kufika kwake.

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na njia gani?

Kama hujazoea kupitwa na magari, anza na msitu wa Karura. Waendesha baisikeli wanaruhusiwa kwenye njia zilizowekewa alama, unalipa kiingilio, na humo hakuna matatu. Si lami, ni udongo, lakini utajifunza kubadilisha gia, kushika breki bila pupa na kupinda kona. Msitu huo tunao leo kwa sababu Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 wakapigwa kwa ajili yake. Kila mtu anayepita chini ya miti ile kwa baisikeli anafaidi kazi yao, na inafaa tuwaambie watoto tunaokwenda nao.

Baada ya hapo, nenda mitaa ya Karen siku ya Jumapili alfajiri: miti mingi, vilima vidogo, magari machache.

Njia ipi inapendwa zaidi na wenyeji wa mchezo huu?

Limuru kupitia Tigoni. Unatoka upande wa Gigiri, unapita Ruaka, na hapo njia zinagawana: moja inapanda Banana, nyingine inapita Ndenderu na Redhill. Zote mbili zitakufikisha kwenye majani chai ya Tigoni, kisha Limuru mjini. Napendelea kupanda kwa Banana na kurudi kwa Redhill, kwa sababu mpando wa Banana unakupa kazi ungali na nguvu, na mteremko wa Redhill una kona unazoweza kuziona mapema.

Kutoka Gigiri hadi Limuru unapanda takribani mita 500. Mpando wenyewe si mkali mahali pamoja. Unapanda kidogo, unashuka kwenye kijito, unapanda tena zaidi ya ulivyoshuka. Mgeni hudanganyika na miteremko ile mifupi akafikiri kazi imekwisha. Tumia gia nyepesi mapema, usingoje miguu ilalamike.

Ukifika Tigoni utaona kwa nini watu hurudi kila wiki. Chai ya Kenya ilipandwa mara ya kwanza hapa Limuru mwaka 1903, na mashamba bado yanashuka mpaka ukingo wa lami, kijani kibichi pande zote. Hewa ni ya baridi hata Januari. Asubuhi utakutana na wachumaji wakiwa na vikapu mgongoni. Wasalimie. Barabara ni yao kabla ya kuwa yetu.

Mbona nakosa pumzi na miguu haijachoka?

Ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru imepita 2,200. Kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa inapungua, na oksijeni unayopata kwa kila pumzi inapungua nayo. Mtu aliyetoka Mombasa wiki hii atahema kwenye kilima ambacho kule kwao angekipanda akiimba. Jipe wiki mbili tatu za mwendo wa polepole, unywe maji kuliko unavyodhani unahitaji, maana hewa ya juu ni kavu na jasho hukauka kabla hujaliona. Jua pia huchoma zaidi huku juu ingawa hulisikii kwa sababu ya baridi. Paka mafuta ya kuzuia jua shingoni na masikioni.

Kwa nini njia za Kiambu zinachosha kuliko ramani inavyoonyesha?

Kwa sababu ya migongo. Ardhi yote kati ya Nairobi na safu ya Nyandarua imekatwakatwa na mito inayoshuka kuelekea kusini mashariki. Kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu, na barabara za zamani hufuata mgongo. Ukifuata mgongo mmoja unapanda taratibu na kwa amani. Ukiamua kuvuka kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, utashuka mpaka darajani na kupanda ukuta upande wa pili, kisha unarudia, kisha unarudia tena. Kilomita kumi za kuvuka migongo zinakula nguvu kuliko ishirini za kuifuata.

Ukilijua hilo unaweza kupanga safari vizuri. Mfano mzuri ni kutoka Kiambu hadi Githunguri, kisha uendelee na barabara inayopanda mpaka Uplands, uteremkie Limuru na kurudi mjini kwa Redhill. Ni safari ya siku nzima kwa mtu wa kawaida, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote za upande wa kaskazini. Kiambu unapita kahawa, na kadiri unavyopanda kahawa inaisha na chai inaanza. Kati yake kuna ng'ombe wa maziwa kila boma, kwa hiyo alfajiri tazama magari ya kukusanya maziwa: yanasimama ghafla kila penye mitungi.

Siku ukitaka kujipima kwa kweli, vuka migongo kutoka Githunguri kuelekea Gatundu. Hakikisha gia zako zinatosha.

Ngong na Kiserian je?

Huo ndio mzunguko wa watu wa kusini na magharibi ya mji. Karen, Ngong, Kiserian, Rongai, kisha Lang'ata. Ni mfupi, unafaa kabla ya kazi za nyumbani za Jumapili. Milima ya Ngong inakuwa kulia kwako ukitoka Ngong kwenda Kiserian. Kilele chake ni mita 2,460, na juu yake kuna mitambo ya umeme wa upepo iliyoanza kusimikwa mwaka 1993. Mapanga yakizunguka kwa kasi, jua kwamba upande wa pili wa milima utapigwa na upepo vilivyo.

Tatizo la mzunguko huu ni Rongai. Ufike Rongai kabla ya saa mbili, au ukubali kuteremka na kutembea na baisikeli kwenye msongamano wa steji. Hakuna aibu katika kuteremka.

Naweza kwenda Magadi kwa baisikeli?

Kwenda, ndiyo. Kurudi ndiko kwa kufikiria.

Kutoka mjini hadi Magadi ni kilomita 110 hivi. Unapanda hadi Corner Baridi, juu ya Kiserian, na hapo Bonde la Ufa linafunguka mbele yako lote kwa mara moja. Simama. Kuna upepo mkali na baridi, lakini simama utazame, kwa sababu ukianza kushuka macho yako yote yatakuwa barabarani. Kutoka pale unateremka zaidi ya mita 1,000 hadi ziwani, si kwa mteremko mmoja bali kwa ngazi ndefu zenye vilima katikati. Kila ngazi inaongeza joto. Umeondoka na jaketi, na kufikia Olorgesailie unatafuta kivuli cha mgunga.

Olorgesailie, kilomita 70 hivi kutoka mjini, ndipo Mary na Louis Leakey walipochimbua shoka za mawe katika miaka ya 1940. Zimelala pale chini kwa mamia, zilipoachwa na watu walioishi hapo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Kuna makumbusho madogo na mahali pa kupumzika. Kwa wengi wetu hapa ndipo pa kugeuzia. Ni ushauri wangu pia kwa safari ya kwanza.

Ukiendelea hadi Magadi, joto la mchana huweza kuvuka nyuzi 35, maduka ni machache na masafa kati yake ni marefu. Beba lita tatu za maji angalau, ujaze kila penye nafasi. Panga gari la kukurudisha, au ulale huko na kuanza kupanda saa kumi na moja alfajiri. Kuna watu wenye nguvu wanaokwenda na kurudi siku moja, lakini usijipime nao kabla hujaijua barabara ile ilivyo saa nane mchana, ukipanda, upepo ukiwa usoni na chupa imebaki nusu.

Mbuzi na ng'ombe wana haki ya njia huko. Ukiona kundi, punguza mwendo mapema na umtazame mchungaji, yeye ndiye atakayekuonyesha upite upande gani. Usipige kengele katikati ya kundi, watatawanyika.

Na mteremko wa Mai Mahiu?

Ni barabara inayoshuka Bonde la Ufa, yenye historia na mandhari ya ajabu. Ilijengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 bado liko pale chini, kando ya lami. Lakini hiyo ndiyo njia ya malori, kingo za lami zimeliwa, na lori lililopoteza breki halina pa kukimbilia wala wewe huna. Sijawahi kumshauri mtu aishuke kwa baisikeli, na sitaanza leo. Nenda ukatazame Bonde ukiwa juu, kwenye vibanda vya kutazamia, ujilinde na nyani wanaopora ndizi, kisha urudi Limuru.

Sipendi vilima. Nairobi kuna tambarare?

Ipo, upande wa kusini mashariki. Mzunguko unaojulikana ni kupitia Athi River, Kitengela, Isinya, kisha unakata kulia kurudi Kiserian na Rongai. Nyanda ni pana, na asubuhi yenye anga safi unaweza kuona Kilimanjaro ukiwa Isinya.

Adui wa tambarare ni upepo. Mara nyingi hutoka mashariki na huongezeka baada ya saa nne. Ndiyo maana ninakushauri uanze na Kitengela, si Kiserian: utakuwa na upepo mgongoni kutoka Isinya kurudi, ingawa kipande hicho kinapanda. Gharama yake ni kwamba unapita Barabara ya Mombasa mwanzoni, penye malori. Jumapili kabla ya saa moja inavumilika. Siku nyingine, hapana.

Katikati ya mji kuna cha kuona kwa baisikeli?

Kipo kingi, na watu wa baisikeli za kasi hukidharau bure. Jumapili alfajiri mji ni wako. Anza stesheni ya reli, maana Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli kwenye bwawa la maji baridi. Makumbusho ya Reli yako karibu hapo. Panda Moi Avenue hadi jengo la Nyaraka za Taifa, pinda kuelekea Msikiti wa Jamia na maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, yenye simba wawili wa mawe mbele. Toka Kenyatta Avenue upite Kipande House, jengo la 1913 ambamo Waafrika walilazimishwa kuchukua vipande vya kuruhusiwa kutembea katika mji huu huu. Mimi hupita pale polepole kila mara. Malizia kwa KICC na Bunge, au ukiwa na miguu, endelea na Barabara ya Lang'ata hadi Uhuru Gardens, bendera ilikopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963.

Kuna njia za baisikeli zilizojengwa katika baadhi ya mitaa ya katikati ya mji. Siku za kazi zimejaa pikipiki na biashara, na kuzifanya za baisikeli kweli ni jambo ambalo wakazi tunapaswa kulidai. Jumapili asubuhi zinapitika.

Expressway, ile barabara ya kulipia, inaruhusiwa?

Hapana. Baisikeli na bodaboda haziruhusiwi.

Barabara ya Thika na Southern Bypass?

Barabara ya Thika, tumia njia za pembeni, usiingie katikati hata kama iko wazi. Angalia sana penye matatu kuingia na kutoka steji. Southern Bypass ina lami nzuri na ndiyo inayovuta wengi, lakini kwenye kipande kinachopakana na msitu waendesha baisikeli wamewahi kuporwa. Pita ukiwa na kundi, mchana.

Ni baisikeli gani inafaa? Lazima iwe ya bei?

Si lazima hata kidogo. Baisikeli nyingi zinazopanda Limuru kila wiki ni za mitumba. Kinachohitajika ni mambo matatu. Kwanza fremu isiyo na ufa: chunguza maungio yote kwa kidole, hasa pale bomba la mbele linapokutana na usukani, kabla hujatoa pesa. Pili breki. Kuna mvua, kuna miteremko mirefu, na raba za breki zilizokauka ghalani ni hatari, zibadilishe siku ile ile. Tatu gia nyepesi. Meno 34 mbele na 32 nyuma yatakutoa popote Kiambu. Ukiuziwa baisikeli ya mashindano ya zamani yenye gia nzito, mwambie fundi akubadilishie ya nyuma.

Tairi zisiwe nyembamba. Milimita 28 ndicho kiwango cha chini kwangu, 32 ni bora zaidi kama fremu inaruhusu, kwa sababu kuna matuta yasiyo na alama na mara kwa mara utalazimika kutoka kwenye lami kukwepa gari.

Pancha je?

Upande wa Magadi, Kitengela na Isinya miiba ya migunga hufika mpaka barabarani. Beba tyubu mbili, viraka, gundi na pampu. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole ndani ya tairi utafute mwiba uliobaki, la sivyo utapata pancha ya pili kabla ya kilomita moja. Upande wa Kiambu na Limuru hata kituo kidogo hukosi fundi wa baisikeli au wa pikipiki atakayekusaidia kwa upole na kwa pesa kidogo.

Nile nini, na wapi?

Ndizi na chapati mfukoni, chai ya maziwa na mandazi Limuru, uji ukiupata. Ukirudi kwa Kiserian au Olepolos kuna nyama choma, lakini usile ukiwa na mpando mbele yako. M-Pesa inafanya kazi karibu kila kibanda, ila weka shilingi mia kadhaa taslimu, mtandao ukipotea bondeni hutakufa njaa.

Msimu wa mvua tunafanyaje?

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na mara nyingi mvua hunyesha alasiri au usiku, kwa hiyo asubuhi bado ni yako. Hofia zaidi kilichobaki baada ya mvua: udongo mwekundu ulioburutwa na matairi ya malori hadi kwenye lami huteleza vibaya, hasa penye kona. Julai na Agosti hakuna mvua nyingi lakini Limuru kuna ukungu. Washa taa mbele na nyuma, vaa glavu.

Niishi vipi na matatu na bodaboda?

Onekana na utabirike. Usijibanze kwenye ukingo kabisa, utasukumwa mtaroni. Shika nafasi ya kama mita moja ndani ya lami, nyoosha mkono kabla ya kupinda, na usipite matatu kwa kushoto ikiwa imesimama, mlango utafunguka. Ikipiga honi fupi nyuma yako, mara nyingi dereva anakuambia yupo tu. Inua mkono kumshukuru akikupa nafasi. Baada ya wiki kadhaa madereva wa njia moja huanza kukutambua.

Helmeti ni lazima, hata kwenda dukani.

Ni salama kwa mwanamke kuendesha peke yake?

Dada wengi wanaendesha, na idadi inaongezeka. Barabara zenye watu, kama za Banana na Tigoni, ni tulivu. Peke yako epuka vipande vya msituni na visivyo na watu alfajiri, mwambie mtu wa nyumbani njia utakayopita, na simu usiiweke kwenye usukani ukiwa mjini. Ushauri huo nawapa na wanaume.

Nitapata wapi wenzangu?

Critical Mass, msafara wa pamoja wa waendesha baisikeli, hukutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mwendo ni wa polepole, na kila aina ya baisikeli inakaribishwa. Ni mahali pazuri pa kuuliza makundi ya mtaani kwako. Wanaotaka mashindano wajue kwamba Kikuyu, pale Mai-a-Ihii, ndiko David Kinjah amefundisha vijana kwa miaka mingi. Mmoja wao ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Alijifunza kupanda kwenye barabara hizi hizi.

Nikishindwa njiani, matatu itanibeba na baisikeli?

Matatu yenye keria juu itakubeba, na pikipiki au probox ya karibu pia. Elewana bei na makanga kabla baisikeli haijapandishwa, toa gurudumu la mbele kama anataka, na panda mwenyewe uone imefungwaje. Gia za nyuma zielekee juu, zisilaliwe na mzigo.